Nyumba ya Masika

Nimezaliwa Ifakara, katika bonde la Kilombero, na kwa sehemu kubwa ya umri wangu sikuwa na neno jema kwa chura. Masika yakianza na majaruba ya mpunga yakijaa, usiku kucha ni sauti zao tu. Chura akiingia ndani alitolewa kwa ufagio, na akikutwa chumbani kwa watu wazima, asubuhi ilizuka minong'ono ya nani kamtuma. Chumvi haikukaa mbali. Hakuna aliyetuambia kwamba kiumbe yule hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, hasa ile laini ya tumboni na mapajani, na kwa ngozi hiyohiyo huvuta sehemu ya hewa yake. Chumvi iliyomwangukia ilikuwa inamnyonya maji ya mwilini.

Leo naishi Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, na sebuleni kwangu lipo sanduku kubwa la kioo lenye mimea, udongo, magome na vidudu vyake, na humo anaishi chura wa mtini, wa kijani, mnene, mwenye macho ya dhahabu. Binti yangu alimwita Masika. Watu niliokua nao Ifakara wakisikia hunyamaza kwanza, kisha huuliza kama niko salama. Niko salama. Nilibadilika, na nataka kushuhudia kilichonibadilisha, maana haikuwa huruma tu kwa mnyama mmoja mzuri. Ilikuwa ile kazi ya kumjengea mahali pa kuishi kabla yeye mwenyewe hajafika.

Siwezi kuieleza kazi hiyo bila kupitia Kihansi. Miaka ya tisini, bwawa la umeme lilipokuwa linajengwa huko, kaka yangu alipata kibarua. Alipanda treni ya TAZARA mpaka Mlimba, na kila aliporudi likizo alituletea habari za mahandaki na mitambo. Kwetu sisi Kihansi lilikuwa jina la mwanga: megawati 180, umeme wa taifa, nasi majirani zake. Habari za chura hatukuzisikia hata siku moja. Kumbe mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wanachunguza korongo lile la milima ya Udzungwa walimkuta chura mdogo wa rangi ya haradali, asiyefika sentimita 3, ambaye hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote hayakuzidi hekta mbili, pale ambapo mto Kihansi ulijipiga miambani na kurusha manyunyu mchana na usiku. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, idadi ya waliobaki ikapanda tena, kisha mwaka 2003 ikaanguka ghafla, na kuvu la kitridi, lile linaloshambulia ngozi za vyura, likakutwa hapo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Yote hayo nilikuja kuyajua huku ugenini. Bustani ya wanyama ya Toledo ni moja ya bustani mbili, pamoja na ile ya Bronx kule New York, zilizofanikiwa kuwazalisha vyura hao na kuwaokoa wasiishe kabisa. Binti yangu ndiye aliyenivuta mkono mpaka mbele ya kioo chao. Nikaliona jina la Udzungwa, milima niliyokuwa naitazama kila asubuhi nikienda shule, limeandikwa ukutani katika mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie. Chura mwenyewe ilibidi nimtafute kwa macho, jinsi alivyo mdogo. Kilichonishika ni vifaa vilivyomzunguka: mabomba membamba ya manyunyu, taa, vipimo, maji yaliyochujwa. Watu wazima wenye elimu yao walikuwa wanafanya kutwa kazi ambayo mto ulikuwa unaifanya bure. Nilisimama pale muda mrefu. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba chura hana maisha yake peke yake. Unyevu ule, jani lile, jiwe lile, joto lile la usiku, vyote ni sehemu ya mwili wake. Ukiviondoa humwachi chura bila nyumba. Unaondoa nusu ya chura mwenyewe.

Kwa hiyo binti yangu aliponiomba, muda mrefu baadaye, tufuge chura, nilimjibu jibu ambalo mimi wa Ifakara nisingelitoa. Nilimwambia sawa, ila tutaanza na nyumba. Chura hatutamtafuta, hatutamwulizia bei, wala hatutakwenda kumwangalia, mpaka nyumba imekamilika na mimea imeshika mizizi.

Kwa majira yote ya baridi hatukununua kitu zaidi ya daftari. Kwanza ilibidi tujue tunamjengea nani, maana nyumba ya chura wa Amazoni si nyumba ya chura wa savana. Tukamchagua chura wa mtini wa Australia, ambaye wafugaji humwita chura wa White, kwa jina la John White, daktari mpasuaji aliyemwandika mwaka 1790. Asili yake ni kaskazini na mashariki ya Australia na kusini ya Guinea Mpya. Tulimchagua kwa sababu anavumilia. Hewa yake haihitaji kulowa saa zote, ni mtulivu, na wapo wengi waliozaliwa mikononi mwa wafugaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua aliyekamatwa msituni akasafirishwa akiwa na hofu na magonjwa. Jambo moja tulilijadili kwa uzito wote: huyu anaweza kuishi miaka 16, na wapo waliopita 20. Binti yangu atakuwa mtu mzima, pengine ameshaondoka nyumbani, na Masika bado atahitaji maji safi kila siku. Nilimwambia mwanangu kwamba mkataba huu tunautia saini wawili, na mimi nitabaki nao.

Chura wa mtini anaishi juu. Sakafuni hushuka kwa ajili ya maji na mawindo. Sanduku linalomfaa hupimwa kwa kimo chake, nasi tulichukua la sentimita 60 kwa upana, 45 kwa kina na 60 kwenda juu. Milango yake inafunguka mbele, na hilo si suala la urembo. Porini ndege humshukia chura kutoka angani, hivyo mkono unaomshukia kutoka juu humtia kiwewe hata ukiwa mkono wa upendo. Juu pana wavu wa kupitisha hewa, kwa sababu unyevu bila hewa huozesha, na uozo humletea chura maradhi ya ngozi. Tulipiga hesabu ya uzito pia. Kioo, udongo, matawi na maji vinakaribia kilo 50, na meza ya kawaida ya televisheni haikujengwa kwa hilo. Jirani yetu fundi alitutengenezea stendi ya mbao. Tukaiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, maana jua likipiga kioo kilichofungwa huweza kumwivisha mnyama kwa muda mfupi, na mbali na tundu la hewa ya moto, ambayo wakati wa baridi huku hukausha hata midomo ya watu.

Ukuta wa nyuma ndio uliochukua muda. Tulilaza sanduku chali, tukapanga vipande vya magome ya mti wa koki, yale yale ambayo vizibo vya chupa hutengenezwa kwayo, tukayashika kwa povu la kujazia nyufa, na lilipokauka tukalichonga kwa kisu mpaka likawa na vijukwaa na mabonde. Kisha tukalipaka silikoni na kuibonyezea vumbi la makumbi kabla haijakauka. Makumbi ya nazi! Nilinunua tofali la makumbi yaliyokaushwa na kushindiliwa, nikalilowesha kwenye ndoo, likafumuka na harufu ikanirudisha pwani, kwa shangazi yangu wa Bagamoyo, ambako makumbi yalikuwa ya kuwashia moto tu. Silikoni iwe tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ikikauka hutoa harufu ya siki, na mpaka harufu hiyo iishe kabisa hakuna kingine cha kufanya ila kungoja. Kila tundu tulilipima kwa kidole, lisije likawa la kumnasa chura akafia ndani pasipo mtu kujua.

Chini tukaanza na safu ya kokoto nyepesi za udongo wa kuchomwa, kama sentimita 5, na juu yake wavu wa dirisha. Hapa mtoto wa mkulima wa mpunga alilazimika kufikiri upya. Jaruba linajengwa ili lizuie maji. Ardhi ya chura huyu inajengwa ili iyaachie. Maji ya manyunyu hupita kwenye udongo, hushuka chini ya wavu na kukaa katikati ya kokoto, mbali na mizizi. Bila safu hiyo udongo hugeuka tope lisilo na hewa, huanza kunuka yai bovu, na mimea hufa kuanzia chini. Juu ya wavu tukaweka udongo usio udongo wa shamba: makumbi, vipande vya gome, mkaa uliopondwa, nyuzi za shina la kangaga na kuvumwani kavu. Ni mchanganyiko uliopata sifa kupitia bustani ya mimea ya Atlanta, nasi tuliubadilisha kidogo kulingana na mfuko wetu. Mbolea hakuna. Juu kabisa, majani makavu ya mwaloni tuliyookota katika ua wa rafiki ambaye hapulizi dawa yoyote, tukayachemsha na kuyaanika.

Matawi tuliyachagua manene, na tuliyajaribu kwa mkono, kwa sababu chura huyu mzima hufika sentimita 10 na zaidi, na akiruka anatua na uzito wake wote. Kwa sababu hiyohiyo mimea mingi inayopendeza dukani tuliiacha. Tulichukua pothosi, mtambaazi wa kisiwa cha Mo'orea katika Bahari ya Pasifiki ambaye hajui kufa; filodendroni wa majani ya umbo la moyo; bromelia mmoja wa kushika maji katikati ya majani yake; na sansevieria, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi mpaka Kongo na ambaye majani yake magumu yanambeba chura bila kupinda. Kila mmea ulioshwa mizizi mpaka mbolea ya dukani ikaisha, ukapandwa pembeni kwa wiki kadhaa, ili dawa za wadudu zilizopuliziwa kwenye majani ziondoke na majani mapya yaote. Sumu inayomwua mdudu kwenye jani itapita kwenye ngozi ya chura bila hata kubisha hodi.

Binti yangu alitaka sana tuweke na lile ua la zambarau linalouzwa kwenye kila duka la vyakula hapa, ambalo Wamarekani huliita urujuani wa Afrika. Nilipomweleza kwamba ua hilo ni la milima ya Usambara, kwamba afisa mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na kwamba maua yote haya madukani ni uzao wa Tanga, alilishika lile kopo kwa mikono miwili. Lakini ndani ya kioo halikai. Maji yakidondoka kwenye majani yake yenye vinyweleo huacha madoa, na mashina yake ni mororo, chura angeyavunja usiku wa kwanza. Tuliliweka dirishani, na hapo linachanua vizuri. Kuna vitu vya nyumbani ambavyo haviwezi kukaa chumba kimoja.

Halafu vidudu. Hapa ndipo wageni wetu hukunja uso, na hapa ndipo mimi nina shauku kubwa kuliko popote. Ndani ya udongo tulimwaga makundi mawili ya wafanyakazi. Wa kwanza ni vidudu vyeupe vidogo vinavyorukaruka, ambavyo huvioni mpaka uinamishe macho, na chakula chao ni ukungu. Wa pili ni wale wadudu wa chini ya magogo wenye miguu 14 na magamba mgongoni, ambao kwa ukoo si wadudu kabisa bali ni jamaa za kaa na kamba waliohamia nchi kavu. Hawa hula majani makavu na kinyesi cha chura, na kukirudisha kwa mimea kikiwa chakula. Wiki za mwanzo ukungu mweupe ulifunika matawi kwa unyoya wake, na binti yangu akaogopa kwamba tumeharibu. Haikuwa hivyo. Mti mpya katika unyevu lazima utoe ukungu. Wafanyakazi walikula, wakazaana, na ukungu ukaisha bila sisi kugusa kitu. Niliwahi kudhani usafi ni kuondoa kila kidudu ndani ya nyumba. Sasa nina nyumba ndani ya nyumba inayosafishwa na vidudu vyenyewe.

Muda ule wa sanduku bila chura ndio ulionibadilisha zaidi ya yote. Nafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kuwatunzia wazee, na nikirudi asubuhi, kabla ya kuvua koti, nilisoma kipima joto na kipima unyevu na kuandika kwenye daftari. Binti yangu aliandika jioni. Tulijifunza tabia za mahali hapo kama mtu anavyojifunza shamba la kurithi: kona ipi inakauka kwanza, wapi maji yanatuama, pothosi ameelekea wapi. Chura huyu anataka unyevu wa kama asilimia 50 hadi 70, unaopanda baada ya manyunyu na kushuka baadaye. Kulowa mfululizo kunamletea maradhi ya ngozi. Mchana anataka kona ya juu yenye nyuzijoto 27 au 28, na usiku anaweza kuvumilia 20 au 21. Nyumba yetu ya kupanga haifikii hapo wakati wa theluji, kwa hiyo tuliweka taa ya joto isiyotoa mwanga, nje ya wavu ili asiiguse, ikiongozwa na kidhibiti joto. Kwa mimea tuliweka taa ya mchana ya saa 12, na bomba la mionzi hafifu ya urujuanimno kwa ajili ya mifupa ya chura. Wageni waliuliza chura yuko wapi. Tuliwajibu bado, hata hatumtafuti. Wengine waliona ni upuuzi kuwashia taa msitu mtupu. Mimi niliona ndio uungwana wenyewe.

Maji yalinipa somo zito. Toledo hunywa maji ya Ziwa Erie, na watu wa hapa hawasahau Agosti 2014, walipoambiwa kwa siku kadhaa wasinywe maji ya bomba wala wasiyachemshe, kwa sababu ya sumu iliyotokana na mwani ziwani. Hata maji yakiwa salama kwa mtu, klorini inayoyafanya salama inamchoma chura. Wengi huyaacha kwenye ndoo usiku mmoja ili klorini iruke. Hiyo inasaidia kwa klorini, ila miji mingine hutia kloramini, ambayo hairuki kwa kungoja, na dawa ya kuivunja inauzwa. Sisi tunatia dawa hiyo kila mara, katika maji ya bakuli na ya manyunyu. Nilikulia mahali ambapo maji yalikuwa mengi mpaka yanatufukuza nyumbani, na ilibidi nivuke bahari ndipo nitazame maji kwa jicho la kiumbe anayeyanywa kwa tumbo lake.

Mimea iliposhika, ndipo tukamfuata mfugaji hapahapa Ohio aliyekuwa na watoto wa vyura waliozaliwa kwake. Gharama za nyumba zilikuwa zimeshapita bei ya chura mara nyingi, na naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hatukumwingiza moja kwa moja. Alikaa kwanza karantini, ndani ya boksi la plastiki lenye karatasi za jikoni zilizolowa, bakuli la maji na majani ya plastiki ya kujifichia. Daktari wa wanyama alipima kinyesi chake kwa ajili ya minyoo na kumpangusa ngozi kwa ajili ya kitridi. Binti yangu aliona ni ukatili kumweka kwenye karatasi ilhali msitu unamngoja hatua chache tu. Nikamkumbusha korongo la Kihansi. Kuvu lile likiingia kwenye udongo na magome halitoki, na kila kitu tulichojenga kingekuwa cha kutupwa. Majibu yalikuja safi, akahamia.

Amekuwa mkubwa sasa, na koo lake limekuwa jeusi kidogo, na anaimba, kwa hiyo tunajua ni dume. Jina halijabadilika. Huimba mvua ikipiga paa, na huimba nikiwasha mashine ya kufyonza vumbi. Mchana hulala kwenye kijukwaa cha gome upande wa kushoto, amekunja mikono chini ya kidevu, na rangi yake hukuambia habari: kijani kibichi akiwa na joto, kahawia usiku au akipoa. Kila baada ya muda huvua ngozi na kuila. Mara ya kwanza nilipomkuta alfajiri akiivuta kinywani kwa mikono nilidhani anakufa. Sasa najua ni afya. Nyenje wake hulishwa karoti na mboga siku moja kabla, hupakwa unga wa kalsiamu, na hawazidi upana wa kati ya macho yake. Mtu mzima wa aina yake anatosheka kwa milo miwili au mitatu kwa wiki. Huyu ataomba kila siku, kwa macho yale, na vyura wengi wa aina yake wamenenepeshwa na wapenzi wao mpaka mikunjo ya mafuta ikawafunika masikio. Kumpenda kunahitaji kumnyima.

Mikono yangu nayo imebadilika. Kazini kwangu tunajipaka mikononi dawa ya kuua vijidudu kwenye kila mlango tunaopita, na ngozi ya chura huinywa dawa hiyo sawasawa na maji. Kabla ya kuugusa mlango wa kioo huosha mpaka viwiko, husuuza kwa maji yaliyotibiwa, na huacha mikono ikiwa imelowa. Kumshika ni kwa lazima tu. Sikumjengea ili nimshike.

Nikimpigia mama simu Ifakara huniuliza habari za mjukuu, za kazi, kisha za chura. Zamani aliuliza kwa mashaka. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia, "Mwanangu, juzi kaingia mmoja jikoni. Nimemfunika kwa kopo, nikampeleka bombani kwenye ubichi." Nikamwuliza, na chumvi je? "Chumvi ya nini, na ngozi yenyewe ndiyo mdomo wake?" Sikuwa nimemfundisha kwa makusudi. Alikuwa ananisikiliza tu nikieleza, wiki kwa wiki, kwa nini maji ya bakuli yatiwe dawa.

Vyura wa Kihansi walianza safari ya kurudi mwaka 2010, walipopelekwa 100 kutoka Bronx na Toledo mpaka Dar es Salaam, katika maabara iliyoandaliwa chuo kikuu, na mwaka 2012 wapatao 2,000 walirudishwa korongoni. Huwa nawaeleza watoto wanaokuja kumwona Masika kwamba kuna kioo cha aina mbili. Kile cha bustani ya wanyama kilikuwa cha kungojea, na maana yake yote ilitegemea korongo liendelee kupata manyunyu. Hiki cha kwetu hakina marejeo. Masika hajaiona Australia na hataiona, na kumwachia hapa Ohio ni kosa kwa pande zote mbili: theluji ingemwua, au angeacha ugonjwa kwa vyura wa hapa. Sentimita 60 kwa 45 kwa 60 ndizo dunia yake. Kwa hiyo sina haki ya kusema inatosha. Mwaka huu tunapanga kumjengea kubwa zaidi, yenye kimo cha sentimita 90, na daftari limefunguliwa upya.

Rafiki yetu Mkongo anayeishi Dayton alikuja na wanawe wawili, wakakaa mbele ya kioo mpaka taa zikazimika, na wakiwa njiani kurudi akanipigia simu kuuliza chura kama yule anauzwa wapi. Nilimpa vipimo vya sanduku badala ya anwani ya mfugaji. Hakupenda, lakini alianza. Wanawe wamechonga ukuta wa nyuma kwa mikono yao, una vijukwaa vizuri kuliko vyetu, na jana alinitumia sauti akiuliza kama harufu ya siki ikiwa imebaki kidogo tu anaweza kupanda mimea. Nimemjibu bado. Aache milango wazi wiki nyingine, na wakati huo awaonyeshe watoto namna ya kuosha mizizi.